Njia ya Mwongo Haikuwa Fupi Sagamoyo: Uongo wa Wanasiasa katika Kigogo na Mstahiki Meya

Utangulizi

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Methali hii huandikwa na watahiniwa wengi wanapojibu maswali ya tamthilia yanayohusu uongozi, na aghalabu huwa ndiyo sentensi pekee yenye uhai katika jibu zima. Baada yake hufuata orodha: kiongozi ni mwongo, ni fisadi, ni katili, ni mbinafsi, ana tamaa. Mtahini husoma, hutoa alama mbili tatu, kisha huchukua karatasi nyingine ambayo ndani yake mna orodha iyo hiyo.

Makala haya yananuia kuihoji methali hiyo kwa kurejelea tamthilia mbili ambazo wengi wetu tumezifundisha: Mstahiki Meya ya Timothy Arege (2009), iliyotahiniwa kuanzia 2013 hadi 2017, na Kigogo ya Pauline Kea (2016), iliyopokea kijiti na kutahiniwa hadi 2022. Ukizisoma kwa makini utaona kwamba katika Cheneo na Sagamoyo njia ya mwongo si fupi hata kidogo. Sagamoyo inaadhimisha miaka sitini ya uhuru, na bado watu wake wanaambiwa wasubiri. Kwa hivyo, swali la mhakiki si kama Majoka ni mwongo. Hilo hata mwanafunzi wa darasa la nne atakwambia. Swali ni hili: uongo wake umewezaje kuishi muda wote huo, na ni nani wanaoubeba?

Dai letu ni kwamba uongo wa kiongozi ni kazi ya watu wawili, anayesema na anayesikiliza. Waandishi hawa wawili wamewachora wote. Sisi walimu tumezoea kufundisha nusu ya kwanza na kuiacha ya pili.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Mwalimu anayefundisha Kongowea hahitaji kutoka nje ya mtaa ili kuieleza Kigogo. Tamthilia inaanzia sokoni Chapakazi, na wengi wa wanafunzi wa hapa wanalelewa na soko. Mama anauza nyanya na vitunguu, baba au kaka anapakua magunia kutoka malori yaliyotoka bara au yaliyovuka mpaka wa Tanzania, shangazi ana kibanda cha chakula. Wanafunzi hawa wanajua ushuru ni nini na wanajua matope ya msimu wa mvua. Wanaposoma kwamba wauzaji wa Chapakazi walilipa kodi na soko lao likaachwa bila kusafishwa, hawaulizi maana.

Pia wanajua msimu wa kura. Magari yenye vipaza sauti hupita barabarani, leso na fulana zenye picha za wagombea hugawanywa, noti hubadilishana mikono, na vijana huchezea matamshi wakisema kwamba kura ni kula. Kisha magari huondoka. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi wa kidato cha nne, ambaye huenda mwakani akawa mpiga kura, huingia darasani akiwa tayari na hitimisho lake: wote ni walewale. Hitimisho hili ndilo analolihamishia katika karatasi ya 102/3. Ameyasoma maisha kwa jumla jumla, na fasihi anaisoma vivyo hivyo.

Nashikilia kwamba hitimisho hilo, licha ya hasira iliyomo ndani yake, humfaa mwongo kuliko linavyomdhuru. Mtu anayeamini kwamba wote ni walewale hana haja ya kukumbuka nani aliahidi nini, lini na mbele ya nani. Na mwongo hana adui mkubwa kuliko kumbukumbu.

Majazi: msaada na mtego

Hebu tuanze na mbinu ambayo kila mtahiniwa anaipenda. Majoka ni wingi wa joka. Kenga, mshauri wake, amepewa jina ambalo kwa Kiswahili ni kitenzi kamili: kukenga ni kuhadaa. Tunu ni kitu cha thamani. Husda ni husuda. Katika Mstahiki Meya, cheo chenyewe ni kinaya, kwani neno mstahiki lina maana ya anayestahili, na Sosi hastahili. Arege amempa jina la kitu kitamu kinachomiminwa juu ya chakula, na daktari anayemwambia ukweli akampa jina la Siki, kitu kikali.

Mbinu hii inafaa jukwaani. Mtazamaji hapotei, anajua amtilie nani shaka. Lakini tuone na upungufu wake, kwani kazi ya uhakiki si kusifu tu. Majazi humhukumu mhusika kabla hajafungua kinywa. Mwanafunzi akishaandika kwamba jina Majoka linaashiria nyoka mkubwa, huona amemaliza. Hasikilizi tena Majoka anasema nini na anasemaje. Nje ya kitabu, mwanasiasa mwongo haitwi Majoka wala Kenga. Ana jina zuri alilopewa na wazazi, huenda ni jina la mjomba wako, na anaamkua watu kwa adabu. Mwanafunzi aliyefunzwa kumtambua mwongo kwa jina lake atamkosa siku atakapokutana naye jukwaani akiwa amevaa kanzu safi au suti.

Kwa hivyo, mwalimu mwenzangu, baada ya kueleza majazi, yaweke kando. Waambie wanafunzi wasome upya mazungumzo ya Majoka kana kwamba anaitwa Juma. Ni kwa maneno gani sasa tunajua kwamba anadanganya?

Namna tatu za kudanganya

Ukifanya zoezi hilo utagundua kwamba uongo katika tamthilia hizi hauna sura moja. Upo wa aina tatu zilizo wazi.

Wa kwanza ni uongo wa wakati. Huu ndio ustadi wa Meya Sosi. Hospitali ya Cheneo haina dawa, wagonjwa wanateseka, na Siki anamwendea mtu waliyesoma naye kumweleza hali. Meya hakatai. Laiti angekataa, Siki angejua la kufanya. Badala yake anatoa matumaini: dawa zi njiani. Kauli ya namna hii ni ngumu kuipinga leo, kwa kuwa kesho haijafika, na kesho ikifika itapewa kesho nyingine. Wakati huo huo mkewe Meya anapelekwa nje ya nchi kujifungua. Mtahiniwa hodari ataviweka vitendo hivi viwili ubavu kwa ubavu, kwani kinaya kimo hapo: aliyesema dawa ziko karibu hataki familia yake izisubiri.

Wa pili ni uongo wa jina. Katika Kigogo soko linafungwa. Watu wanapoteza riziki, Ashua na Sudi hawana cha kuwalisha watoto. Lakini uharibifu huo unaitwa maendeleo, kwa kuwa mahali hapo patajengwa hoteli ya kifahari. Vilevile wakati wa dhiki unaitwa wakati wa sherehe, na wananchi wanatakiwa kushangilia uhuru kwa kipindi kizima huku waliofungiwa soko wakitafuta pa kuuzia. Majoka hasemi neno ambalo unaweza kulipima na kusema si kweli. Anachukua kitu na kukibandika jina la kitu kingine. Aliyekubali jina amekubali yote. Ndiyo maana ugomvi wa Tunu na utawala ni ugomvi wa maneno kabla haujawa wa maandamano: yeye anasisitiza kuliita soko soko.

Wa tatu ni uongo wa zawadi. Kenga anawaletea akina Sudi keki ya uhuru. Boza na Kombe wanakula. Sudi anakataa, na kwake hayo ni makombo. Sudi huyo huyo anaahidiwa zawadi nono iwapo atachonga vinyago vya mashujaa kwa ajili ya sherehe, naye anashikilia kuchonga shujaa anayemtambua yeye. Mtahiniwa wengi hutaja keki kama jazanda ya unyonyaji, na hawakosei. Lakini angalia kazi yake kwa karibu. Keki haimfanyi mlaji aamini uongo. Humfanya aone haya kuukana. Anayekula hawezi tena kusema kwa sauti kwamba soko limefungwa, maana mdomo wake una utamu wa aliyelifunga. Mwanafunzi wa Kongowea anaweza kuilinganisha keki hiyo na leso ya kampeni au pakiti ya unga bila kusaidiwa na mtu.

Wanaosikiliza

Sasa tuje kwa nusu tuliyozoea kuiacha. Boza ni fundi kama Sudi, wanafanya kazi karakana moja na joto lao ni moja. Hana sababu ya kumpenda Majoka. Hata hivyo anamtetea. Kwa nini? Mwandishi anatupa jibu nyumbani kwake: mkewe Asiya, yaani Mamapima, anauza pombe haramu Mangweni na amepata kandarasi ya kuoka keki ile ile. Boza haamini kila analoambiwa. Anahesabu faida. Ngurumo naye, akiwa kilabuni, anayasifu maisha ya Sagamoyo baada ya soko kufungwa. Yeye hakulipwa cheo. Alilipwa ulevi na ukuruba. Baadaye anauawa, na utumishi wake haukumkinga.

Katika Cheneo mambo ni hayo hayo. Madiwani wanapandishiwa malipo huku wafanyakazi wa baraza wakigoma kwa kukosa haki zao. Mhubiri anamwombea Meya na kungojea sadaka. Bili anampa rafiki yake shauri la kuiuza fimbo ya umeya. Kila mmoja wa hawa anajua ukweli. Ndiyo sababu Diwani wa Tatu, anayepinga katika kikao, ana uzito mkubwa kuliko idadi ya maneno aliyopewa: anathibitisha kwamba waliokaa naye mezani walikuwa na nafasi ya kusema na hawakusema.

Hapa ndipo methali ya wahenga inapopata ufafanuzi. Njia ya mwongo ni fupi akitembea peke yake. Akibebwa na Boza, Asiya, Ngurumo, Mhubiri na madiwani wawili, anaweza kufika miaka sitini.

Sichelei kuwalaumu waandishi kwa jambo moja. Tamthilia zote mbili zinamalizika upesi mno. Meya anakamatwa. Majoka anakosa umati, askari Kingi anakataa kuwafyatulia watu risasi, na hata Kenga anamwacha bwana wake na kujiunga na umma. Tukio hili la Kenga linahitaji swali ambalo mwandishi hakuliuliza: je, mtu ambaye jina lake ni kuhadaa ameongoka, au amebadilisha upande kama alivyokuwa akibadilisha maneno? Mkenya aliyeona wanasiasa wakihama vyama usiku na kuamkia jukwaa jipya asubuhi anajua kwa nini nauliza. Mwanafunzi akiruhusiwa kushangilia mwisho huo bila swali, ataamini kwamba kumwondoa mtu mmoja ni kuuondoa uongo.

Tunu, Abdilatif na kazi ya kukumbuka

Ni nini basi tofauti ya Tunu na mtu anayesema wote ni walewale? Wote wawili wamekasirika. Tofauti ni kwamba hasira ya Tunu ina anwani. Anajua soko gani limefungwa, nani alilifunga, kodi ilikwenda wapi, na Jabali alikufaje. Anavunjwa mguu na harudi nyuma, lakini tusiuone ushujaa wa mwili tu. Ushujaa wake wa kwanza ni wa kuweka hesabu.

Hili si jambo geni Mombasa. Novemba 1968 kijana wa miaka 22 wa mji huu, Abdilatif Abdalla, aliandika kijikaratasi chenye kichwa kilichokuwa swali: Kenya: Twendapi? Mwaka huo serikali ya KANU ilikuwa imezikataa karatasi za wagombea wa KPU katika uchaguzi wa mabaraza, na watu walikuwa wakinung'unika vichochoroni. Abdilatif hakunung'unika. Aliuliza, kwa maandishi, akitaja makosa. Alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972, na mashairi aliyoyatunga gerezani yakachapishwa 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki. Serikali ile ilivumilia manung'uniko mengi. Swali mahususi ndilo lililoiudhi.

Mfano mwingine utawasaidia wanafunzi kuona kwamba ahadi hupimwa moja moja. Kabla ya uchaguzi wa Desemba 2002 muungano wa NARC uliahidi mambo mengi, yakiwemo elimu ya msingi bila malipo na katiba mpya katika siku 100. Elimu ilianza Januari 2003. Baadhi ya wanafunzi wetu wamezaliwa na wazazi walioingia shule kwa ahadi hiyo. Katiba haikuja katika siku 100. Rasimu iliyopelekwa kwa wananchi ilikataliwa katika kura ya maoni ya Novemba 2005, na katiba mpya ikapatikana Agosti 27, 2010. Ni viongozi wale wale na jukwaa lile lile, lakini ahadi moja ilitimizwa na nyingine ikavunjwa. Anayesema wote ni waongo siku zote hawezi kueleza mfano huu, na asiyeweza kuueleza hawezi kumdai mtu yeyote chochote. Ahadi ni deni, lakini deni lisiloandikwa hulipwa na nani?

Juni 2024 vijana wa nchi hii walitupa somo la fasihi bila kujua. Kabla ya kuingia barabarani kuupinga Mswada wa Fedha walikuwa wameusoma, kifungu kwa kifungu, na kuufafanua kwa lugha za watu. Juni 25 waandamanaji waliingia bungeni, baadhi ya vijana wakapoteza maisha siku hiyo, na siku ya pili rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Iwe ulikubaliana nao au la, zingatia walichoanza nacho. Walianza kwa kusoma.

Katika chumba cha mtihani

Tuyarejeshe haya kwenye karatasi. Chukua swali la mazoezi: "Uongo wa kiongozi haudumu bila msaada wa wanaoongozwa." Thibitisha ukirejelea tamthilia ya Kigogo. (alama 20)

Mtahiniwa wa kwanza ataandika: Majoka ni mwongo. Anawadanganya wananchi. Pia Kenga ni mwongo. Wananchi wanateseka kwa sababu ya uongo. Hoja hizi zote ni za kweli, lakini hazijibu. Hazina tukio, hazina msikilizaji, wala hazionyeshi msaada uliotajwa katika swali.

Mtahiniwa wa pili ataandika: Boza anausaidia uongo wa Majoka kwa kukubali keki ya uhuru ilhali soko wanalotegemea limefungwa. Faida ya mkewe, aliyepewa kandarasi ya kuoka keki hiyo, inamfanya amkosoe Sudi badala ya kumkosoa Majoka. Kwa namna hii kufungwa kwa soko kunaendelea kuitwa maendeleo na mtu aliyeathiriwa nako. Hapa kuna mhusika, kitendo, sababu na matokeo. Hoja kama hii mtahini haiachi.

Mpe mwanafunzi kanuni nyepesi ya maswali manne kwa kila hoja ya uongo: Nani amesema? Amemwambia nani? Aliyeambiwa amepata nini au amekosa nini? Kitendo gani katika tamthilia kinaukanusha usemi huo? Kanuni hii inafaa hata katika riwaya. Wanaosoma Nguu za Jadi ya Clara Momanyi wanaweza kuitumia kwa Mtemi Lesulia na kuwatazama wanaomzunguka, badala ya kuishia kwenye sentensi kwamba Lesulia ni mkabila.

Hitimisho

Imezoeleka kusemwa kwamba fasihi ni kioo cha jamii. Kioo humwonyesha mtu uso wake, si uso wa mwenziwe. Tukiwafunza wanafunzi kumwona Majoka tu katika kioo hicho, tumewapa dirisha la kumchungulia jirani. Wakimwona na Boza, na wakajiuliza kama wamewahi kuionja keki, hapo tamthilia imefanya kazi yake. Uchaguzi mkuu umepangwa Agosti 2027. Baadhi ya wanaoketi mbele yetu wakiandika muhtasari watakuwa wameshachukua kadi ya mpiga kura, na hawatakuwa na mwongozo wa kueleza nani ni majazi ya nini.

Maswali ya kujadili darasani

1. Soma upya onyesho lolote ambamo Kenga anazungumza na Sudi. Andika kila ahadi iliyotolewa na useme kama ni uongo wa wakati, wa jina au wa zawadi.

2. Kati ya Asiya na Boza, ni nani anayestahili lawama zaidi kwa kuusaidia utawala wa Majoka? Toa sababu.

3. "Kenga hakuongoka, alihama." Jadili.

4. Muulize mzazi au jirani anayefanya kazi sokoni ahadi moja aliyowahi kuisikia kuhusu soko. Iandike pamoja na mwaka wake. Je, ilitimizwa yote, ilitimizwa nusu, au haikutimizwa?